Utang'atuka Lini, Mwenyekiti?

Mtaani kwetu tuna kikundi cha kufa na kuzikana. Kina kaya 64, maturubai mawili, viti vya plastiki 150, na masufuria ambayo idadi yake kamili niliijua mimi peke yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa kwanza alipohamia Dodoma niliombwa nishikilie kwa muda, na huo muda ulikuwa umetimiza miaka kumi na moja. Katiba yetu, kurasa nne zilizochapwa na kutolewa nakala steshenari, inasema uongozi ni wa miaka mitatu. Hakuna aliyewahi kuitaja mpaka kikao cha mwezi Machi, tulipofika kwenye mengineyo, kijana mmoja aliyehamia juzijuzi na mkewe akanyoosha mkono. "Shikamoo Mwenyekiti. Samahani, naomba kuuliza tu. Utang'atuka lini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwapita wote, nikasema hoja imepokelewa, nikafunga kikao kwa sala. Usiku usingizi ukanipaa. Swali lenyewe halikuniudhi. Kilichonisumbua ni kwamba nilijikuta na majibu saba tayari: vijana bado hawajaiva, tumalize kwanza kununua turubai la tatu, watu wenyewe ndio wananing'ang'ania, na mengine ya namna hiyo. Yote saba nilishayasikia miaka nenda rudi kwenye taarifa ya habari, kutoka kwa wakubwa ambao mimi, nimejinyoosha kwenye kochi langu, nilikuwa nikiwazomea.

Kijana angeweza kutumia maneno mengine. Angeuliza nitastaafu lini, lakini kustaafu ni suala la umri na barua ya mwajiri. Angeuliza nitajiuzulu lini, ila kujiuzulu kwetu kuna harufu ya moshi. Mtu akijiuzulu, wasikilizaji wanaanza kutafuta moto uko wapi. Kubwaga manyanga ni kwa aliyechoka au aliyesusa. Anayeng'atuka bado ana nguvu za kukaa, hajafukuzwa, na anaondoka ili apishe. Siku hizi magazeti yetu yanaandika "ang'atuka" hata kwa mkurugenzi aliyetumbuliwa mchana kweupe, lakini hilo ni kosa letu, si la neno.

Neno lenyewe limetoka kwa Wazanaki, watu wa mkoa wa Mara, mashariki ya Ziwa Victoria. Kwao, kama kwa majirani zao wengi wa huko, mambo ya jamii yaliendeshwa kwa marika: rika lililokomaa linashika, muda ukifika linapisha linalofuata. Aliyelileta neno hilo kwenye Kiswahili ni Mzanaki mmoja wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alipokuwa anajiandaa kuacha urais. Nalipenda jambo hili. Ikulu tulipewa na Wanyamwezi na Wasukuma. Jina la kutoka Ikulu tukapewa na Wazanaki.

Tunamkumbuka Mwalimu kwa kung'atuka kwa mwaka 1985, na kila Oktoba tunakumbushwa tena. Usiku ule nilipokuwa nagaagaa kitandani nilianza kuhesabu, nikaona hesabu yetu ina kasoro. Mwaka 1985 haukuwa wa kwanza. Mtu huyu alikuwa ameshaacha vyeo mara tatu kabla ya hapo, na mara zote tatu alikuwa kijana.

Ya kwanza ni Pugu. Mwaka 1955 alikuwa na miaka 32, mwalimu wa shule ya sekondari ya Mtakatifu Francis, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Alikuwa amerudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 akiwa na shahada ambayo Watanganyika waliokuwa nayo wakati ule walihesabika kwa vidole. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, yeye akiwa rais wake, na mwezi Machi mwaka uliofuata alisafiri kwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alikuta swali linamngoja shuleni: chaki au siasa. Vyote viwili haviwezekani.

Akaacha chaki. Mwenyewe alizoea kusema kwamba ualimu aliuchagua na siasa ilimwangukia tu, na ninaamini uchungu wa Pugu ulikuwa wa kweli. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na chama chake hakikuwa na fedha ya kumlipa mtu mshahara wa maana.

Ila kinachonivuta zaidi ni kilichofuata. Mtu ameacha kazi kwa ajili ya siasa. Ungetegemea wiki hiyohiyo yuko jukwaani Mnazi Mmoja. Yeye alirudi kwao Musoma. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll na kutafsiri maandiko ya dini kwa Kizanaki. Kwa mtazamaji wa nje, hiyo ni kazi ya mtu aliyeshindwa mjini. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi Dar es Salaam, na kuanzia hapo TANU ikaanza kuenea wilaya hadi wilaya.

Sijui Mwalimu aliwaza nini Musoma. Hakuna anayejua ya moyoni mwa mtu. Ninachojua ni kazi ya kutafsiri, kwa sababu nimeifanya kwa malipo kidogo huku mgongo ukiniuma. Ni kazi isiyo na pa kukimbilia. Neno moja linaweza kukukalisha asubuhi nzima, ukilipima linabeba nini na haliwezi kubeba nini. Mtu aliyetoka New York, ambako kila sentensi ya Kiingereza ilikuwa inamtazama, kukaa chini akatafuta namna bibi wa Butiama angeelewa Injili: sioni maandalizi bora kwa mtu ambaye baadaye angezunguka nchi nzima akieleza uhuru ni nini kwa watu wasiosoma magazeti.

Ya pili haizungumzwi sana, nami nadhani ndiyo yenye ufundi zaidi. Mwezi Julai 1957 Gavana Twining alimteua Nyerere kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kilikuwa kiti cha heshima, chenye posho na picha gazetini. Mwezi Desemba mwaka huohuo Nyerere akajiuzulu, kwa maelezo kwamba serikali haikuwa tayari kusogea hata hatua moja kwa lile alilolitaka. Wanachama wa TANU walishangilia. Hatimaye, walisema, mzee ameona, tuwasusie hawa Waingereza.

Kumbe hajamaliza. Mwezi uliofuata, Januari 1958, TANU ilikutana Tabora. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa baraza hilohilo kwa masharti ya kuudhi: mpigakura lazima awe na kipato au elimu ya kiwango fulani, na lazima apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu, la sivyo kura yake inaharibika. Nchi ya Waafrika karibu wote, wagombea wagawiwe theluthi kwa theluthi. Ukumbi ulichemka. Wengi walitaka kususia. Nyerere, aliyetoka kwenye baraza wiki chache nyuma, ndiye aliyesimama kuwashawishi waingie. Akashinda, na uamuzi huo mpaka leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka TANU, akaanzisha chama cha African National Congress. Uchaguzi ulipofanyika kwa awamu, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU walipata ushindi mkubwa.

Desemba ametoka, Januari anawaambia wenzake ingieni. Aliyetazama kwa haraka angemwita kigeugeu. Lakini kiti cha Desemba alipewa na gavana na kisingempeleka popote. Cha Januari, hata kwa sheria mbovu, kingepatikana kwa kura, na kama TANU ingesusa, kingekwenda kwa United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na serikali. Baraza ni lilelile. Milango ndiyo ilikuwa miwili. Ugumu wa kuacha na kushika uko hapo: tendo lenyewe halikuambii kama ni la woga au la ujasiri mpaka ujue lilifanyika wiki gani.

Mwaka huohuo wa 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali gazetini. Mahakama ikampa kuchagua, faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Jela ingemfanya shujaa. Kwame Nkrumah alitoka jela akawa kiongozi wa serikali ya Gold Coast. Nyerere alilipa faini akarudi kazini, uchaguzi ukiwa mlangoni.

Ya tatu ndiyo iliyowatoa watu macho. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 baadaye, Waziri Mkuu Nyerere alijiuzulu. Fikiria mtu aliyejenga nyumba kwa miaka saba, akafanya sherehe ya kuhamia, na kabla maua ya sherehe hayajanyauka anamkabidhi mwenzake funguo na kwenda kukaa uani.

Alieleza kwamba anakwenda kukijenga chama. Ilikuwa kweli: wenye akili na nguvu wote wa TANU walikuwa wamehamia wizarani, na huko matawini wanachama walikuwa wanauliza uhuru wenyewe uko wapi, mbona Bwana Shauri bado ni Mzungu yuleyule. Wapo walioandika kwamba alisukumwa na manung'uniko hayo zaidi kuliko alivyokiri. Inawezekana. Mimi sioni kama inapunguza kitu. Viongozi wengi wanasukumwa. Wachache wanaelewa kusukumwa kule kunawaambia nini.

Kiti alikishika Rashidi Kawawa, mtu wa vyama vya wafanyakazi, ambaye miaka ya nyuma aliwahi kuigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu. Katika miezi hiyo Kawawa alifanya kazi ngumu na za haraka: wakuu wa majimbo wa kikoloni wakapishwa na Waafrika, utumishi wa serikali ukasukumwa mbio kuelekea mikononi mwa wananchi, na katiba ya jamhuri ikaandaliwa. Nyerere huku alizunguka mikoani na kuandika. Mwezi Aprili 1962 likatoka andiko lake juu ya ujamaa kuwa msingi wa usoshalisti wa Kiafrika, likisema kwamba ujamaa ni moyo wa mtu kabla haujawa mpango wa serikali. Ukisoma Azimio la Arusha la Februari 1967 utaona mbegu zake nyingi zilipandwa mwaka ule wa uani. Na tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, mtu aliyeuawa kwa kushukiwa kwamba hatatosheka na madaraka, ilichapishwa mwaka 1963. Lazima kuna waliotabasamu.

Novemba 1962 uligombewa urais. Mpinzani wake alikuwa Mtemvu, yuleyule wa Tabora. Nyerere alipata asilimia 98 ya kura, na tarehe 9 Desemba 1962 akaapishwa kuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Kawawa akawa Makamu wa Rais.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya Kawawa, kwa sababu hadithi hii tumezoea kuisimulia kwa upande mmoja. Kuachia kiti kunahitaji mtu wa kukirudisha. Kawawa alikuwa na serikali, polisi, jeshi na miezi kumi na moja. Afrika ya miaka iliyofuata ilionyesha mtu anaweza kufanya nini kwa vitu hivyo. Yeye alikaa, akafanya kazi, akasimama, akasogea. Watu walimwita Simba wa Vita. Mimi ningemwita pia Simba wa Kusogea, ila najua jina hilo lisingeshika.

Nikiishia hapo, makala hii itakuwa ya kuimba sifa, na mtu aliyejua majira ya kuondoka kwake hakujua kila mara majira ya watu wengine. Mwaka 1967, katika andiko la Ujamaa Vijijini, Mwalimu alisisitiza kwamba watu hawawezi kuswagwa kuingia kwenye vijiji vya ujamaa. Lazima wenyewe waamue, waone faida, waende. Lilikuwa wazo lililotulia. Novemba 1973 subira ikakatika: ikatangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kuishi vijijini ni lazima kwa wote. Ndiyo Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa nyuma yao, wengine wakishushwa msimu wa kulima ukiwa umeshaanza. Mvua nazo zilikuwa zimekosekana, na nchi ikaingia kuagiza chakula nje kwa fedha ambayo haikuwepo. Marehemu babu yangu alihamishwa kutoka kwenye migomba yake kwenda kilomita sita mbali, na mpaka anakufa alikuwa akienda kuitazama ile migomba siku za Jumapili, kama mtu anayekwenda kuona wagonjwa.

Mtu aliyejipa mwenyewe miezi kumi na moja ya kufikiri aliwapa wakulima miaka mitatu ya kuhama, na utekelezaji ulipofika wilayani, mkuu wa wilaya akawapa wiki mbili. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, vyama vya ushirika mwaka 1976. Ilikuwa ni zama za haraka.

Lakini hata hapo yuko yule wa Musoma. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu aliandika tathmini yake, akasema wazi kwamba nchi bado si ya kijamaa wala haijajitegemea, kisha akaorodhesha uzembe na makosa, ya serikali yake yakiwemo. Mwaka 1984 alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa. Vyote vilikuwa vimeanza kurudishwa. Rais aliye madarakani kusema "hapa nilikosea" na kutaja kitu chenyewe kwa jina! Wangapi tumewasikia? Mimi, katika miaka kumi na moja ya uenyekiti, sijawahi kukiri hata lile turubai nililonunua bila kulikunjua, likaja kuwa na tundu katikati.

Kufika mwaka 1985, basi, tunaona mtu aliyekuwa amefanya mazoezi. Alitangaza mapema kwamba kipindi kilichoanza mwaka 1980 kingekuwa cha mwisho. Mambo hayakumrahisishia. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imekausha hazina, maduka yalikuwa na rafu tupu, na mabishano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yamegota. Kisha tarehe 12 Aprili 1984 Edward Sokoine, Waziri Mkuu ambaye wengi walimwona kama mrithi, alikufa kwa ajali ya gari akitoka Dodoma. Nchi nzima ililia. Yeyote aliyetafuta sababu ya kuahirisha alikuwa nayo pale, tena ya machozi.

Hakuahirisha. Chama kilimteua Ali Hassan Mwinyi, ambaye tangu mapema mwaka 1984 alikuwa amekabidhiwa Zanzibar baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu, na tarehe 5 Novemba 1985 Mwinyi akaapishwa. Mwaka uliofuata serikali yake ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mkono wa Mwalimu usingeweza kutia saini ile, na nadhani alilijua hilo. Wakati mwingine mtu huondoka kwa sababu kilichobaki kufanywa hakiwezi kufanywa na yeye.

Ila aling'atuka mguu mmoja. Uenyekiti wa CCM, chama pekee nchini, alibaki nao mpaka Agosti 1990. Wakati huohuo ndipo alipoongoza Tume ya Nchi za Kusini. Hapa nadhani bahati ilimlinda kama ilivyomlinda busara. Cameroon walishajaribu mpango wa namna hii. Novemba 1982 Rais Ahmadou Ahidjo aliacha urais kwa hiari, akamkabidhi Paul Biya, yeye akabaki na chama. Haukupita mwaka wakagombana. Ahidjo akaenda uhamishoni, akahukumiwa kifo hayupo mahakamani, akafia Dakar mwaka 1989. Léopold Senghor wa Senegal, aliyeondoka mwisho wa mwaka 1980, alikwenda zake Ufaransa kwa mashairi yake na mambo yakatulia. Mpango wa Tanzania ulifanana zaidi na ule wa Yaoundé kuliko ule wa Dakar. Tofauti ilikuwa watu wawili waliokuwa ndani yake, mmoja aliyejizuia kushika mkono wa mwenzake, kwa kiasi, na mwingine aliyevumilia kushikwa, kwa kiasi.

Butiama alilima, akacheza bao, akapokea wageni waliokuja kuwasemea wengine kwake. Hakunyamaza, vitabu vyake vya miaka ya 1990 viliwaunguza waliokuwa madarakani, na mpaka uchovu wa mwisho alikuwa Arusha akisuluhisha Warundi. Lakini mezani kwake kulikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anazigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili. Miaka arobaini imepita, na mtu amerudi kwenye ile kazi ya Musoma, kutafuta neno linalobeba, safari hii kwa vina na mizani. Alifia London tarehe 14 Oktoba 1999 akazikwa Butiama, penye mahame ya baba yake.

Sasa turudi kwenye masufuria.

Kikao cha Aprili niliomba likizo ya miezi mitatu. Sikutaja kung'atuka, nilitaka kwanza kukaa uani nione. Katibu akashika. Mwezi Mei tukapata misiba miwili katika wiki moja, na yote miwili ilikwenda vibaya. Wali ulipungua, turubai moja halikuonekana, na wachimba kaburi walikuja saa nane mchana badala ya asubuhi. Nikiwa nimekaa kwenye viti vya nyuma, nilisikia raha ya aina fulani ambayo sitaki kuipamba. Nilikuwa nafurahia msibani. Mama mmoja jirani akanigeukia, akasema, "Unaona, baba? Bila wewe hatuwezi."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo kama mtu aliyepewa zawadi. Ilichukua siku mbili kuanza kuninuka. Hawakujua duka linalotukopesha mchele kwa sababu sikuwahi kumtambulisha mtu yeyote kwa mwenye duka. Wachimbaji walichelewa kwa sababu wamezoea kupigiwa na namba yangu, tena saa kumi na moja alfajiri, na hilo halikuandikwa popote. Turubai nililiazimisha mimi, mwaka juzi, kwa kwaya fulani. Miaka kumi na moja nilikuwa nimejijengea ulazima, tofali juu ya tofali, halafu nikasimama mbele yake nikasema tazameni jinsi ninavyohitajika.

Nikanunua daftari gumu la kurasa 192. Kila jioni nilikaa na kuandika: maduka, namba za simu, nani wa makaburini, nani wa gari, msiba wa watoto wadogo unavyotofautiana na wa watu wazima, kaya zipi hazina uwezo na michango yao husamehewa kimyakimya bila kutangazwa kikaoni. Hiyo ya mwisho niliiandika nikafuta, nikaiandika tena. Masufuria ni 23. Lilijaa daftari karibu nusu. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa najua vitu vingi na jinsi vingi kati ya hivyo visivyokuwa vigumu.

Uchaguzi ulifanyika Septemba. Yule kijana wa swali aligombea, akapata kura tisa. Watu walimwona ana haraka. Alichaguliwa mama mmoja aliyesimamia jiko la misiba kwa miaka tisa, ambaye mimi kwa miaka yote tisa nilimwita "mama wa jikoni". Nilimkabidhi daftari, muhuri na funguo za stoo. Akafungua daftari palepale, akapekua, akauliza masufuria 23 ni pamoja na lile kubwa lililo kwake? Sikuwa nimelihesabu.

Wiki iliyopita simu yangu iliita saa kumi alfajiri. Jirani wa mtaa wa pili, sauti imekauka, mzee wao amefariki. Nilimpa pole, nikamtajia namba ya Mwenyekiti, nikakata. Kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda, viatu nimeshavaa, nikisikiliza. Baada ya kama dakika kumi nikasikia geti la yule mama likifunguliwa, kisha sauti yake ikimwita katibu dirishani.